Kitanda Kwenye Miraba

Mama alipokatwa mguu, kaka alikipima chumba cha mama kwa simu.

Kaka ana mchezo wa kujenga nyumba, huucheza akitoka kazini. Humo ndani sakafu yote imechorwa miraba. Ukiburuta meza ukaiachia, haikai pale ulipoiachia. Inajisogeza yenyewe mpaka kingo zake zishike mistari. Basi akajenga chumba cha uani ambacho mimi na mama tunalala, yeye kitandani, mimi mkekani, maana chumba cha kaka kina ngazi mlangoni. Mraba mmoja akauhesabu hatua moja. Akaweka kabati la saruji lililojengwa ukutani, akaweka kitanda, kisha kiti cha magurudumu ambacho mama angetoka nacho hospitali.

Kiti kikagoma. Kila akikiingiza kati ya kitanda na kabati, kinaruka na kurudi mlangoni kama mgeni aliyeambiwa wenyewe hawapo.

"Hakipiti," kaka alisema. "Basi, kesho kutwa aende moja kwa moja kwa mama mdogo. Kule vyumba ni vipana."

"Kwa mama mdogo ni safari ya kutwa nzima," nikasema. "Tutakuwa tunamwona lini?"

Akakiburuta kiti tena, kikaruka. Wifi alikuwa akikunja nguo za watoto. "Baba watoto, unaliamini hilo lisimu?" akamwambia. "Juzi si umejenga choo juu ya paa."

"Kile kilinaswa huko chenyewe."

Tulicheka, lakini kidogo tu. Mama alikuwa ameshatuambia neno lake: "Mkinipeleka kwa mdogo wangu, mjue mmenipeleka." Hakulia wala hakubembeleza, ndiyo maana lilituuma.

Mimi niliishia darasa la saba, na michezo ya simu siijui, lakini kutazama najua. Nilisogea karibu na kaka nikakitazama kile kiti. Upana wake ulizidi mraba mmoja kidogo tu, ila mchezo ulikuwa umekipa miraba miwili, kwa kuwa haujui nusu. Kitanda nacho vilevile: kimechungulia mstari, kikapewa mraba mzima.

"Kaka, hii miraba haipungui?"

"Inapungua. Unataka nini?"

"Ifanye iwe shibiri."

Tukaenda chumbani. Nikatanua kiganja nikapima sakafu, kabati na kitanda, naye akawa anaandika. Kiti nilikwisha kukipima wodini, mama akinitazama asiulize. Kaka akajenga upya, na safari hii kiti kiliingia, kikaenda, kikaenda, kikasimama. Ilipungua nafasi ya mraba mmoja, tena ule mdogo.

Akakigeuza kitanda huku na huku. Kila kiliposhika mistari mipya kilifungua njia hapa, kikaziba pale.

"Shibiri moja," kaka alisema. "Mama yangu anahama kwake kwa shibiri moja." Akailaza simu kifudifudi.

Hakuna aliyesema kitanda kitoke. Baba alikichonga kwa mikono yake, kipana, cha watu wawili na mtoto katikati, na alifia humo. Sisi tulikihesabu kama ukuta.

Siku iliyofuata, saa ya kuwaona wagonjwa, tulikwenda kumwambia. Kaka alishindwa kuanza. Akampa mama simu, aone mwenyewe kwamba tulijaribu. Mama akavaa miwani.

"Hiki ndicho chumba changu?"

"Ndicho, mama."

"Mbona dirisha halina pazia?"

"Pazia halichukui nafasi, mama."

"Haya. Na mimi nibadilishe nguo barabara nzima inanitazama."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akakohoa. Mama akauliza vitu vinasogezwaje, kaka akamwonyesha. Akakiburuta kiti, kikaruka. Akakirudia, kikaruka tena. Kisha akaweka kidole juu ya kitanda, akakiacha kidole hapo muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau. Halafu akakivuta kitanda kupita mlango, akakiachia uani. Kikajisogeza, kikashika mistari huko nje. Kiti kikaingia, kikazunguka chumba chote.

"Kile ni kitanda cha baba, mama," kaka alisema taratibu.

"Unaniambia mimi?" Hakuinua macho. "Tangu afe nalala ukingoni. Upande wake siendi. Nitafutieni chembamba."

"Na hiki tukipeleke wapi?"

"Wewe na mkeo na watoto mmejazana kwenye kitanda kinacholia kama bawaba. Halafu unaniuliza."

Kaka alikifungua kitanda cha baba jioni ile, ubao kwa ubao. Wifi alipokea kila ubao kwa mikono miwili. Chembamba tulikiazima kwa majirani, kikangoja uani.

Kesho yake mama akaja. Nilimsukuma mpaka mlangoni, akaiondoa mikono yangu kwenye kiti, akajiendesha mwenyewe. Gurudumu lilikwaruza kabati, likapita. Akafika pale palipokuwa na kitanda, akasimama, ametupa mgongo. Akanyoosha mkono kama anayetafuta ubao wa kichwani, ukakutana na ukuta. Nilitaka kuingia. Kaka akanishika bega.

Tulingoja.

"Haya," mama akasema mwishowe. "Leteni hicho chembamba. Nimechoka kukaa."