Amplifaya ya Marehemu Tom

Amplifaya ya Debra Ajwang iliungua kwenye harusi moja mtaani Migosi, Kisumu, katikati ya wimbo. Ilitoa moshi mweupe, wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Kisha gitaa lake la besi likanyamaza, na muziki wote ukawa mwembamba kama chai ya maji.

Debra alipiga besi katika bendi ya Wechuli, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Bungoma aliyehamia Kisumu zamani na kuoa huko. Wanabendi walimwita Baba Lornah, kwa jina la binti yake. Alikuwa mtu wa kucheka sana, na hakupenda kuambiwa jambo mara mbili.

Walizunguka maduka ya mjini wakitafuta amplifaya nyingine. Mpya zilikuwa zinang'aa, mbele zimeandikwa wati za kutisha. Debra aliinua moja kwa mkono mmoja, akairudisha kwenye rafu.

"Hii ni nyepesi kama sufuria tupu," alisema. "Besi inataka transfoma nzito. Nikiibana hii jioni moja tu, imeenda."

"Na zile nzito?"

"Zile nzito hatuziwezi, Baba Lornah."

Wechuli alikuna kidevu. Bendi ilikuwa imealikwa kupiga kwenye ibada ya ukumbusho Usenge, kando ya ziwa, na bila besi hakuna mtu angesimama kucheza. Ilibidi waende kwanza kupatazama mahali penyewe. Huko ndiko walikokutana na Obonyo, mnunuzi wa samaki aliyekuwa akiongoza maandalizi ya ibada hiyo. Aliposikia shida yao alitazama nyavu zilizotandazwa dagaa wa omena, kisha akasema, "Mimi niko nayo moja. Ya marehemu ndugu yangu, Tom. Alikuwa anapiga besi kama huyu dada. Mkiitaka, nitawaachia kwa bei ya chini."

Aliwapeleka nyumbani kwa mama yao. Amplifaya ilikuwa katika chumba cha nyuma, ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa leso. Ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito kiasi kwamba wanaume wawili walihema kuitoa. Debra aliunganisha gitaa lake na spika moja ya zamani iliyokuwa pale, akapiga noti ya chini kabisa. Vikombe vililia kabatini. Sauti ilikuwa nene, safi, haina mvumo hata kidogo. Kwa muda Debra alisahau kila kitu.

Kisha akaona plagi. Pini ndefu ya juu, ile ya waya wa ardhi unaokinga mtu asipigwe na stima, ilikuwa imekatwa kwa msumeno.

"Nani amekata hii?"

"Ilikuja hivyo," Obonyo alisema haraka.

Mama yake, mwanamke mrefu aitwaye Dorca, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia. Noti ile ilipolia alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akageuka, akaenda kukaa nje juani akiwa ameipa nyumba mgongo. Walipompita wakibeba sanduku hakuwasalimu. Alimtazama Debra tu, akasema polepole, "Nyara, binti yangu, usiiguse na mikono ya maji."

"Kwa nini, Mama?"

Obonyo alidakia kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, na yule mama akafunga mdomo.

Siku ya mazoezi, Debra aliinamia maiki kuitikia kiitikio. Midomo yake ilipogusa chuma, kitu kikamng'ata, kama mtu aliyelamba betri. Aliruka nyuma.

"Imenipiga, Baba Lornah. Stima inavuja."

Wechuli alicheka. "Hiyo ni kawaida ya jukwaa. Ivishe maiki sponji."

"Si kawaida. Tusiipige kabla fundi hajaifungua."

"Sawa, sawa. Nitaipeleka."

Kabla haijachukuliwa, Debra alisafisha lile sanduku la mbao. Chini kabisa, chini ya vumbi na mabawa makavu ya wadudu, alikuta sponji ya maiki na kipande cha mpira mweusi kilichokatwa kwa kisu. Mpira ule ulikuwa na mabonde mawili yaliyolika. Aliuweka sakafuni akautazama, na baadaye akavua viatu akasimama juu yake. Nyayo zake ziliingia katika nyayo za mtu mwingine, kubwa kuliko zake. Tom alikuwa anajua. Alikuwa ameng'atwa kama yeye, akatafuta cha kukanyagia, akaendelea kupiga.

Alimpigia Obonyo simu. "Ndugu yako alikufa kwa nini?"

"Malaria," Obonyo alisema, akakata.

Asubuhi ya ibada mvua ilinyesha Usenge. Ilipokoma, ardhi chini ya hema ilikuwa tope, na watu walikuwa wametandika nyasi kavu zilizoanza kulowa. Stima ilivutwa kwa waya mrefu kutoka duka moja la karibu. Debra aliikuta amplifaya imeshapangwa jukwaani, nyuma yake plagi mpya nyeupe yenye pini zote tatu.

"Fundi ameshughulika nayo," Wechuli alisema, akimpiga bega. "Umeona? Furahi basi."

Debra alitamani kufurahi. Ziwa lilikuwa limetulia, limekuwa na rangi ya bati, na upande wa kisiwa wingu jingine lilikuwa linajikusanya. Alipiga magoti nyuma ya amplifaya akaushika waya wake. Ulikuwa uleule wa zamani, mwembamba. Alitoa mfukoni testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ambayo alikuwa amejinunulia, akaigusisha kwenye bodi ya amplifaya. Taa ikawaka nyekundu, haikupepesa.

"Baba Lornah. Fundi gani alifungua hii?"

"Debra, watu wanangoja."

"Fundi gani?"

"Testa zote huwaka. Hata ukiigusisha kwenye ukuta."

Wapiga ngoma walikuwa wameacha kukaza ngozi zao, wanasikiliza. Obonyo alikuwa anakuja kutoka mstari wa mbele akiwa na kofia mkononi. Debra alisimama. Hakuinua sauti, na baadaye alijilaumu sana kwa maneno aliyoyasema.

"Kama ni salama, shika hapa kwa mkono mmoja, na ule mwingine ushike maiki."

Wechuli aliwatazama wanabendi wake mmoja mmoja. Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Kisha, kwa sababu macho yote yalikuwa kwake, alivua koti, akaishika stendi ya maiki kwa mkono wa kushoto, akaweka kiganja cha kulia juu ya amplifaya.

Hakupiga kelele. Watu waliokuwa mbali walidhani ameinama kuomba. Mwili ulikakamaa, shingo ikajaa mishipa, na mdomo wake ukabaki wazi bila sauti. Mkono ulikuwa umeshikana na chuma. Mpiga ngoma mmoja alikimbia kumvuta.

"Usimguse!" Debra alipiga ukelele. Alirukia ule waya mrefu topeni, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka ukachomoka kule dukani. Maiki zikafa. Wechuli akaanguka chali juu ya nyasi.

Alikuwa anapumua, kwa shida, kama mtu aliyekunywa maji akizama. Kiganja chake kilikuwa na alama nyeupe iliyoungua. Wanawake waliokuwa wakimfungua vifungo walisogea kumpa nafasi mtu aliyekuwa akija katikati yao. Alikuwa Dorca. Alipiga magoti topeni, akakiweka kichwa cha Wechuli mapajani mwake.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema, bila kumtazama yeyote. "Gitaa shingoni, mdomo kwenye maiki. Mimi nilidhani anacheza."

"Mama, wacha," Obonyo alisema.

"Ilikuwa inavuma. Tom akasema inavuma, inaharibu muziki. Wewe ukakata ile pini na msumeno wa baba yako, mvumo ukaisha, mkafurahi. Niliona. Nimenyamaza kwa sababu nimebaki na wewe peke yako. Sasa unawauzia watoto wa wengine."

Hakuna aliyemgusa Obonyo wala kumtukana. Walimtazama tu. Alivaa kofia yake, akaivua tena, kisha akaondoka kuelekea ufuoni, na watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Walimpeleka Wechuli hospitali ya Bondo kwa gari la mwenye hema. Njiani alifungua macho. "Nilibadilisha plagi tu, waya wa ardhi sikuufunga," alinong'ona. "Mimi mwenyewe."

"Nyamaza, Baba Lornah. Pumzika."

Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi kuwa na hisia, na hakushika gitaa tena. Debra alikaa na jambo lile kifuani. Alimtembelea nyumbani kwake Migosi mara kwa mara, na Wechuli hakuwahi kumlaumu, jambo lililomuuma zaidi.

Siku ile ya ajali, waliporudi kuchukua vyombo, amplifaya haikuwepo. Hakuna aliyesema ameona nani aliyeibeba. Debra alijiambia labda Dorca ameitupa ziwani.

Mvua zilipokwisha, alikuwa akitafuta tena amplifaya ya bei nafuu katika kundi la wanamuziki la simuni. Picha moja ilimsimamisha. Nyeusi, kubwa, na juu yake doa la duara lililopauka, ukubwa wa kiganja. Chini iliandikwa: nguvu halisi, haina mvumo. Chini yake zaidi: imeuzwa.

Aliomba kundini mpaka akapewa namba ya mnunuzi, msichana aitwaye Terry, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliyepiga besi katika kwaya ya wanafunzi.

"Izime," Debra alisema. "Ng'oa plagi ukutani. Nakuja sasa hivi."

Alimkuta Terry amesimama nje ya chumba chake cha kupanga, mlango wazi. Amplifaya ilikuwa sakafuni karibu na kitanda, imezimwa. Debra hakueleza kwanza. Alihakikisha plagi iko nje, akatoa koleo, akaukata waya pale pale unapotokea kwenye bodi. Kisha akafungua skrubu, akainua kifuniko. Ndani, pembeni mwa transfoma, karatasi ya kukinga waya ilikuwa imeungua mpaka kuwa nyeusi, na shaba tupu ilikuwa imelalia chuma.

Alimsimulia yote, Tom na Wechuli. Terry alisikiliza bila kupepesa, mkono umepanda mdomoni.

"Imeshakupiga?" Debra aliuliza.

Msichana aliitikia kwa kichwa. "Jana, tukifanya mazoezi. Kidogo tu, hapa kwenye mdomo. Walinicheka, wakasema ni kawaida. Leo nilikuwa nataka kutafuta sponji."