Sigara ya Mzee Chumo

Kipyegon alikita jembe ubavuni mwa tuta, akalifukua, viazi vikabiringika juu ya udongo mweusi kama vifaranga waliokurupushwa. Nyuma yake mkewe, Cheruto, aliviokota na kuvitia guniani. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni kuelekea Keringet, na tangu asubuhi wawili hao walikuwa hawajasemezana.

Jana walikuwa hospitalini Nakuru, kutafuta sababu ya kukosa mtoto. Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini, aliyasoma majibu kisha akayafunika kwa kiganja.

"Mama hana tatizo. Mbegu zako ndizo chache, mzee, na nyingi hazina nguvu ya kwenda. Sigara huweza kufanya hivyo. Acha kabisa, urudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Siwezi kukuahidi kitu."

Kipyegon alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa kesi ya jirani.

Hakuwa mvutaji, kwa hesabu yake mwenyewe. Ujanani hakuwahi kuigusa sigara. Aliwasha ya kwanza jioni waliyomzika baba yake, Mzee Chumo, mtu ambaye hata ng'ombe walimtambua kwa harufu ya tumbaku. Mzee hakuwa na mdomo tena. Mwanawe alimkopesha wake. Akawa anakwenda kaburini kila magharibi, anavuta, anaupuliza moshi juu ya kifusi na kunong'ona, "Rudi, baba."

Kwao mfu hurudi. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee wa ukoo huyataja majina ya marehemu, moja baada ya jingine, na jina litakalompigisha mtoto chafya ndilo lake: huyo ndiye aliyerudi. Jina la Chumo lilikuwa linangoja pua ya kupigia chafya. Miaka ikapita, pua haikuja. Kipyegon akadhani mzee amenuna, akamwongezea sigara. Kadiri mzee alivyochelewa ndivyo alivyozidi kuitwa, hata pakiti moja ikawa haifiki jua la pili.

Wanyoike, dalali wa viazi, alizoea kumtania akipakia lori: "Boss, shamba lote hili unamlimia nani?"

"Mwenyewe yuko njiani," Kipyegon humjibu, nao hucheka.

Cheruto alifunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaketi juu yake.

"Ulimwambia daktari unavuta ngapi?"

"Nilimwambia ni nyingi."

"Na unamvutia nani?"

"Hayo si ya daktari."

"Ni yangu basi." Alipangusa udongo vidoleni, taratibu. "Nimekunywa mizizi ya kila mama mganga wa hapa Kuresoi, Yegon. Shangazi zako wameniita shamba la mawe, nikanyamaza. Kumbe mkono mmoja unamwita mzee, na mwingine unamfungia mlango."

Kipyegon aliegemea mpini wa jembe. Akiacha, nani atamlisha mzee moshi wake? Mfu aliyesahauliwa hugeuza mgongo. Na asipoacha, mzee atarudi kupitia wapi? Aliinua jembe, akaliona zito, akalishusha bila kulikita.

"Giza linaingia," Cheruto alisema. "Matuta yaliyobaki tutayamaliza kesho." Akajitwika karai, akashika njia ya nyumbani bila kutazama nyuma.

Kipyegon akaenda kaburini. Alichuchumaa mahali pake pa siku zote, akafungua kinywa amwambie baba yake habari za Nakuru, maneno yasitoke. Hakujua kusema naye pasipo moshi. Miaka yote hiyo moshi ndio uliokuwa ukimsemea.

Umande ulianza kumlowesha mabega. Upande wa pili wa kifusi, penye mibono tu na ukungu, mtu akakohoa: kikohozi kikavu, kisicho na haraka, cha mzee anayengoja kuwashiwa.

"Baba," Kipyegon alisema, "leo sina."

Pakiti ilikuwa mfukoni mwake. Kikohozi kikaja tena, safari hii karibu zaidi. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukaishika pakiti, haukuitoa, wala haukuiachilia.