Sauti Iliyoruka Kibondo

...na siyo watu peke yao, awasalimie na mbuzi wao na kuku wao na yule chizi wa stendi, wote, hapana, karatasi haisemi mbuzi, karatasi ya Mama Niyomwungere meneja imechapwa kwa kompyuta na imegongwa muhuri, tangu lini salamu ikagongwa muhuri, "Wasikilizaji wetu wapya wa Kibondo, kuanzia leo saa kumi na mbili jioni mnatupata kupitia mnara wetu mpya," basi, nukta, halafu tangazo la mbegu za mahindi, na huyu anayetakiwa kusoma ni nani, ni Leonidasi Nduwayezu, mwanaume aliyesikika Ufini, Ufini kule ambako ng'ombe wanavaa makoti na mkojo unaganda kabla haujafika chini, leo anapewa mistari mitatu kama mtoto wa darasa la pili... "Mzee Leo, wimbo umebaki dakika nne," sauti ya Pasikali kwenye hedifoni, Pasikali fundi mitambo wa studio hii ya Kasulu, yuko ng'ambo ya kioo anatafuna muhogo, na kwaya inaimba, kinanda kinapanda kinashuka, dakika nne, zamani kwa dakika nne Leonidasi alisalimia vijiji sitini, akatangaza mbuzi aliyepotea, mbuzi akasikia mwenyewe akarudi nyumbani kwa aibu, hiyo watu wa Rungwe Mpya ni mashahidi, waliobaki hai, na hakukuwa na karatasi, hakukuwa na hiyo leseni iliyotiwa kwenye fremu hapo ukutani kama picha ya harusi, kulikuwa na shamba la migomba, betri ya lori, na mtambo ambao mwenzake Ildefonsi aliutengeneza ndani ya debe la mafuta ya msaada, debe kabisa, lenye picha ya mikono inasalimiana, ukiliwasha linanukia chapati, na antena ilikuwa kamba ya nguo, waya mrefu kutoka mkaratusi huu mpaka mkaratusi ule, wameanika juu yake mashuka na gauni la bibi yake Ildefonsi ili mgambo akipita aone watu wasafi tu, familia gani hii inafua kila siku, mgambo akasema, hawa watu wataingia mbinguni, na kweli wakaingia, maana sauti ilikwenda huko huko... simu, usiiangalie simu, imelala kifudifudi pembeni ya kikombe, ujumbe wa Ildefonsi ameshausikiliza mara saba tangu saa tisa, ya nane ya nini, Ildefonsi yuko Kibondo juu ya mnara, mnara wa leseni, mita sitini, amevaa kofia ya plastiki na mkanda, yeye aliyekuwa anapanda mkaratusi pekupeku na koleo mdomoni, "Kaka, inasikika mpaka sokoni, safi kama maji, halafu kaka, nimemuona nani, nimemuona Immakulata," hapo mara zote saba Leonidasi alibonyeza kusimamisha, akanywa chai, akabonyeza tena, "Immakulata wa jembe, anashona nguo hapa karibu na stendi, ana redio juu ya cherehani, ile ile ya baba yake, imefungwa na raba..." ile ile, redio yenye sikio moja la kuzungushia limekatika, unazungusha kwa meno au kwa koleo, Immakulata alikuwa anazungusha kwa meno, anaing'ata redio kama hindi la kuchoma huku anacheka, na ndiye aliyekuwa anagonga jembe, kila redio ina alama yake ya kufungulia, wakubwa wana tarumbeta na ngoma, wao walikuwa na jembe bovu limening'inizwa kwenye mgomba, na Immakulata na nyundo, ngoo, ngoo, ngoo, mara tatu, anaacha mlio ufe wenyewe kabla hajagonga tena, hana haraka, halafu Leonidasi ndiyo anaingia, "Mwidiwe, mwidiwe nyote," kwa Kiha chenyewe, bila meneja kukumbusha kwamba leseni inasema Kiswahili, mwidiwe Munanila, mwidiwe mliovuka mpaka na mliobaki, mama fulani wa Buhigwe anamtafuta mwanawe, kaka fulani yuko hai, ana ndevu sasa msishtuke, na Immakulata amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyundo mapajani, anatikisa kichwa kila Leonidasi anapoongeza chumvi, ana macho ya kuhesabu uongo huyo mtoto, "Leonida, umesema watu elfu kumi wanatusikiliza, umewahesabia wapi?" "Kwenye jicho lako la kushoto," "Na la kulia?" "La kulia ni la baba yako, naliogopa," alicheka mpaka jembe likalia lenyewe... "Mzee, umenisikia? Dakika tatu," "Nimekusikia, mimi siyo kiziwi, nilisikika Ufini mimi," "Ndiyo mzee, Ufini," anasema Pasikali, mdomo umejaa, ameshaambiwa habari ya Ufini mara mia mbili, juzi alidai ni Uswisi ili amchokoze tu... sasa baba yake, mzee Mpawenimana, aliamua kuhama, mwaka tisini na tisa, kiangazi, akasema ardhi ya Kibondo inamwita, uongo, alikuwa ameshajua binti yake kila jioni anakwenda kufua nguo kwa watu wasio ndugu zake, lori likaja, vitanda, mapipa, mbuzi mmoja anakula godoro, na Immakulata juu kabisa ameipakata redio, akainama, hakulia, kwao hawalii mbele ya mizigo, akasema, kila siku saa kumi na mbili nitafungulia, nikikusikia nitaandika barua nitampa kondakta, usije mpaka uone barua yangu, baba ana panga na anajua kulitumia, na Leonida, ukiniita usiongeze chumvi, niite tu... niite tu, na yeye alifanyaje, jioni ya kwanza Ildefonsi anagonga jembe vibaya kama anafukuza nyani, na Leonidasi anashika kipaza sauti, Immakulata wa Kibondo, Immakulata ambaye akipita mahindi yanakomaa, ambaye mwezi ukimuona unarudi ndani kuvaa vizuri, na kesho yake tena, na keshokutwa, masika, kiangazi, mwaka, mwaka na nusu, hakukosa siku, siku ya malaria aliita huku anatetemeka, Ildefonsi amemshikilia kwa nyuma kama mtu anayebatizwa, na kila asubuhi anakwenda kusimama basi la Kibondo linapopita, "Konda, hakuna barua?" "Hakuna, labda kesho shemeji," konda naye alishamuita shemeji, hakuna, hakuna, hakuna, ila siku moja barua ikaja, siyo kwa basi, ilikuja kwa padri, maana Leonidasi alitangaza sanduku la posta la parokia bila kumuuliza padri, na padri akamuita, mkononi ana bahasha yenye stempu ya ndege mweupe, akaisoma kwanza kimya, akacheka mpaka akavua miwani, halafu akatafsiri, mzee mmoja wa Ufini, mstaafu, ana antena nyuma ya nyumba yake, ameisikia redio yenu mara tano, lugha siifahamu, nasikia kengele tatu halafu mwanaume anasema jina Immakulata, jana nimelihesabu mara kumi na nne, tafadhali nijulisheni, je, Immakulata amejibu?... hiyo barua Leonidasi aliitembeza Kasulu nzima, aliipeleka sokoni, kilabuni, kwenye misiba, mpaka ikachanika kwenye mikunjo kama ramani, redio ya debe, Ufini, nani mwingine, nani, hata Dar hawakuwa na barua ya Ufini, na jina la Immakulata lilikuwa humo ndani kwa wino wa bluu na yeye alikuwa anawaonyesha watu stempu... stempu... "Mzee, Mama Niyomwungere amepiga simu, anasema usome kama ilivyoandikwa, usilete vituko," "Mwambie nitasoma mpaka nukta," "Amesema alijua utajibu hivyo," ...na halafu yakaja mambo ya leseni, debe likazikwa, wao wawili wakachukuliwa na redio hii yenye leseni, watu walijua nani ana sauti na nani ana mikono, wakapewa mikataba na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni kama ng'ombe wa mnada, wakapelekwa Dar kwenye mafunzo, wiki mbili, ukumbi una baridi kuliko Ufini yenyewe, na mwalimu akachora ubaoni, hii ni dunia, huu ni mtambo, sauti ya masafa mafupi haitembei chini jamani, inaruka, karibu na mtambo mtasikia, halafu inapaa juu mbinguni inagonga inarudi inashuka mbali, mbali sana, na hapa katikati, akapaka chaki nyeupe pakawa kama unga umemwagika, hapa katikati haishuki kabisa, wanaokaa hapa hawasikii kitu, inawaruka, na Ildefonsi akageuka akamwangalia, mtu mzima, mafuta ya debe bado kwenye kucha, akasema polepole, kaka, Kibondo... Kibondo ilikuwa kwenye chaki, mwaka na nusu alikuwa anarusha jina la Immakulata juu ya kichwa cha Immakulata, wafugaji wa Ufini walimsikia, pengwini walimsikia, aliyeitwa hakusikia, na jioni ile Leonidasi akanunua soda, akawachekesha darasa zima kwa kisa hicho, walilia kwa kucheka, mwalimu alishika ukuta, maana alikuwa na dawa yake tayari moyoni, ndogo, aliitunza miaka yote: hata hivyo asingefungulia, wanawake wanasema tu juu ya lori, angefika Kibondo, angepata mambo yake, redio ingekuwa ya kuwekea maua, kwa hiyo hakuna kilichopotea, kwa hiyo basi la asubuhi lipite tu, masaa manne zamani, siku hizi mawili, lami, lipite... "Dakika moja na nusu, mzee wangu," ...na sasa acha ujumbe uende mpaka mwisho kichwani, mara saba ameukata palepale, mara saba amesikia mwisho kwa sikio moja tu, Ildefonsi juu ya mnara, upepo unampiga, "nikamwambia shemeji, leo saa kumi na mbili fungulia, Leonida ataongea, akacheka, akasema, yule bado anadanganya watu? Halafu kaka, akaacha kushona, akasema, mimi nilifungulia, mwambie, kila siku, saa kumi na mbili, baba akisema zima unamaliza betri, naenda nayo chooni, mwaka na zaidi, nikawa nasikia shwaaa tu, shwaaa, nikazoea, nikawa nasema labda ndani ya hiyo shwaaa yumo"... yumo, chooni, Immakulata na redio chooni, anazungusha kwa meno, na yeye wakati huo huo, saa hiyo hiyo kwa saa ya mkononi, migombani, anautukana mwezi kwa ajili yake, wote wawili walikuwa kwenye ahadi, hakuna aliyekosa hata siku moja, na katikati yao chaki... hakusema ana mume, hakusema hana, mara saba amechungulia ndani ya ile sauti kama mtu anayechungulia dirisha la duka lililofungwa, kuna redio, kuna cherehani, mume haonekani wala hakosekani, na hata akiwepo, atafanya nini leo Leonidasi Nduwayezu, atapaza jina la mke wa mtu mpaka stendi, Immakulata ambaye mahindi hukomaa akipita, wateja wake wamesimama hapo na vitenge vyao, wacheke, yeye ainamishe kichwa, afu kesho mjini wamuite mama wa mahindi, hiyo ndiyo zawadi, baada ya shwaaa ya mwaka na nusu amletee kelele... "Sekunde arobaini, mzee, mbona unalia?" "Muhogo wako huo, moshi," "Moshi unapitaje kwenye kioo?" "Huu ni wa Kasulu, hupita popote," na Pasikali anacheka lakini hacheki sana, ameacha kutafuna... niite tu, alisema, neno moja hilo ndilo hakuwahi kulifanya, miezi kumi na minane maneno milioni tisa, sawa, siyo milioni tisa, mengi, na hakuna jioni aliyomuita tu, alikuwa anamuita ili waliobaki wasikie anavyojua kuita, na barua ya padri ilipokuja alifurahi, Mungu anisamehe, alifurahi kuliko ambavyo angefurahi ya konda... wimbo unageuka, kwaya imefika pale wanapopiga makofi, bado ubeti mmoja na kinanda, karatasi ipo, ataisoma, mpaka nukta, mbegu za mahindi pia atazisoma, ila kabla ya karatasi, leseni inasema Kiswahili, sawa, jembe halina lugha, anakivuta kikombe cha bati karibu na kipaza sauti, kimebaki tama moja la chai, analimeza ili kisilie kwa kubanwa, anafuta kijiko kwenye shati, Pasikali ng'ambo ya kioo ameinua mkono, vidole vitano, macho yanauliza mzee hicho kikombe cha nini, na kule, kama kweli, kama amefungulia, cherehani imesimama, raba kwenye redio, watu wanabishana bei ya kushona mikono mifupi, na yeye anakijua kitu kimoja ambacho hata mzee wa Ufini hakukijua, kwamba kati ya mlio na mlio unaacha mpaka ufe wenyewe, usiwe na haraka, vidole vinne, Leonidasi hana neno mdomoni, hata moja, mdomo mwepesi kama wa mtoto, vitatu, kwaya bado inaimba, kijiko kiko juu.