Bima ya Kadi ya Kaka

Kaka yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima tunamwita Mipango, alitoa kadi ya benki mfukoni akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo, kando ya mkasi.

"Unaiona hii, Fundi? Hii ni kadi ya mkopo, na ndani yake kuna bima ya safari. Ukinunua tiketi kwa kadi hii, umeshapata bima hata kabla hujafunga begi. Ukiugua ugenini, wanalipa hospitali. Begi likichelewa, wanakupa pesa za kununua nguo. Safari ikivunjika, nauli inarudi."

"Na mimi nimo?"

"Si unasafiri na mimi? Basi umo."

Tulikuwa tunajiandaa kwenda kumwona mdogo wetu wa mwisho, aliyeolewa nchi ya mbali na ambaye alikuwa amejifungua mapacha. Tulikuwa watatu: kaka, wifi, na mimi. Nilikuwa nimeshaulizia bima kwa wakala mmoja jirani na duka langu, nikaona bei yake naimudu. Kaka aliposikia hivyo alicheka akashika mbavu.

"Kumbe kushona kunalipa! Umesimama chini ya paa, bado unatafuta mwavuli?"

"Mwalimu wetu anasema mtu asome masharti kwanza," nikajibu. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana wanaoniita mama, na kila nilichofundishwa nilitamani kukitumia kesho yake. "Niletee masharti ya hiyo kadi niyasome."

"Haya, mwanafunzi! Yataletwa."

Hayakuletwa, nami sikukumbusha. Kwetu, tangu baba atutoke, safari anaishika Mipango. Nauli tunampa mkononi, tiketi anakata yeye, na pasi za wote hukaa kwenye mkoba wake mpaka turudi nyumbani. Kumdai karatasi kungekuwa kama kumpekua mifuko mbele za watu. Nilimpa nauli yangu yote, nikaachana na yule wakala, na katika sala nikamshukuru Mungu kwa kunipa kaka anayejua mambo ya dunia.

Tulifika salama. Begi la wifi ndilo lililochelewa, akaenda dukani kununua nguo za kubadilisha, na kaka akapiga simu mara moja kudai fidia. "Mnaona?" akatuambia. "Hawasumbui hata kidogo."

Hatukumaliza wiki. Asubuhi moja nilikuwa nikishuka ngazi za nyumba ya mdogo wetu na beseni la nguo za watoto, ngazi zimeloa, mguu ukateleza. Nilitanguliza mkono wa kulia. Niliusikia ukivunjika kabla sijausikia ukiuma.

Hospitalini daktari aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga.

"Umevunjika na umehama. Unafanya kazi gani, mama?"

"Ni fundi cherehani."

Akaishusha ile picha. "Basi nikwambie ukweli. Nikiupasua na kuweka chuma, mkono utarudi kama ulivyokuwa. Nikikufunga plasta tu, mfupa utaunga, lakini vidole havitakuwa vile vile. Kushika mkasi mzito kutakushinda. Una bima?"

"Anayo!" kaka akasema, na simu tayari iko sikioni. "Daktari, andaa vifaa."

Gharama ya upasuaji ilikuwa kubwa kuliko mapato ya duka langu ya mwaka. Mdogo wetu alikuwa ametoka kujifungua, hana kitu. Hospitali ilitaka jambo moja tu: watu wa bima watoe ahadi kwamba watalipa. Sikuwa na hofu. Nilikaa kwenye benchi la korido, mkono umefungwa kwenye kitambaa, nikisali kimya kimya kwa shukrani.

Korido ilikuwa na kelele, kaka akashindwa kusikia, ikabidi aweke sauti ya simu juu. Mwanamke wa bima alikuwa mpole.

"Pole sana kwa mgonjwa, bwana. Hapa naona tiketi mbili zilizolipwa kwa kadi yako, yako na ya mkeo. Jina la dada yako silioni."

"Ni dada yangu wa tumbo moja!"

"Undugu hauna shida, bwana. Tiketi yake ingelipwa yote kwa kadi, angekuwemo. Kadi haiwezi kumlinda mtu ambaye haikumlipia nauli. Ulipotupigia kabla ya safari tulikueleza hivyo hivyo."

Kaka alikata simu. Akaanza kuifuta kioo kwa shati.

"Uliwapigia kabla ya safari?" nikauliza.

"Dada, sikiliza."

"Uliwapigia?"

"Mkopo uliobaki kwenye kadi ulitosha tiketi mbili tu. Ningeanza kupeleka pesa zako benki kupunguza deni, nauli ya bei nafuu ingeisha. Nikaona yako niilipe taslimu kwa wakala wa ndege. Safari ya siku chache, nani angejua utaanguka?"

"Wewe ulijua kwamba nikianguka sina kitu."

"Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Mimi nilikuwa na wasiwasi, kaka. Nilikuwa natafuta bima, pesa ninazo mkononi. Wewe ndiye uliyeniondoa wasiwasi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na miaka yote nilidhani ni methali ya watu wenye maadui. Sikuwa na hasira kuhusu tiketi. Mtu huweza kukwama, akachagua mkewe, hata mimi ningemwelewa. Kilichonichoma ni kile kicheko chake mbele ya meza yangu, na kwamba baada ya kuambiwa ukweli alikuja nyumbani kwangu, akala, akaniaga, na hakufungua kinywa.

Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Njia ipo. Wewe na wifi yako mko rika moja, na pasi yake ninayo hapa. Muuguzi akija kukuandikisha, taja jina lake. Picha za pasi nani anaziangalia? Unapasuliwa, mkono unapona, tunarudi nyumbani."

"Unataka nidanganye nikiwa kitandani kwa daktari?"

"Nataka mkono wako upone! Mungu anaona nia ya moyo."

"Mungu asiingizwe hapa, Mipango."

Nilitamani sana. Nisijifanye mtakatifu. Niliutazama mkono wangu, nikaona nguo zinazonisubiri dukani, nikaona kalamu ambayo nimeishika nikiwa mtu mzima. Nikamwuliza Bwana kama jina moja la kuazima ni kosa kubwa hivyo. Sikupata jibu lolote, ila niliona wazi kwamba kaka ananivuta niingie pale pale aliposimama yeye, ili tuwe wawili.

Muuguzi alikuja na kalamu yake. "Jina la mgonjwa?"

Kaka alinikazia macho. Nikataja jina langu, na la baba yetu.

"Bima?"

"Sina."

Wakanifunga plasta. Daktari aliifanya kazi yake kwa upole mwingi, kama mtu anayeomba radhi.

Tuliporudi koridoni, simu ya kaka iliita. Alikuwa mama, kutoka nyumbani.

"Hajambo kabisa, mama," kaka akasema, sauti imechangamka. "Ameshatibiwa. Bima yangu imeshughulikia kila kitu. Ndiyo, ongea naye." Akaziba simu kwa kiganja. "Tafadhali, dada. Ni mzee, usimuumize. Mwambie mambo ni sawa."

Niliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Mwanangu," mama akasema, "pole sana. Lakini kaka yako katufaa. Bila bima yake ungekuwa wapi leo? Mungu ambariki."

Nilisubiri nione kama neno la kumfichia litanijia. Toka utotoni halijawahi kukosa kunijia.

"Mama, sikuwa na bima. Aliambiwa kabla hatujasafiri kwamba simo, akaninyamazia. Mkono haukupasuliwa. Mkasi sitashika tena."



"Mpe kaka yako," mama akasema.

Nikampa. Akasogea nayo hadi dirishani, akanipa mgongo, na sikumsikia akisema lolote ila "ndiyo, mama." Nilikaa kwenye benchi nikafumba macho nimwombee, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kumfanyia kila siku. Nililiita jina la Mungu. La kaka halikutoka.