Hayupo na Hayumo

Mimi ni mtu wa chaki. Nimefundisha sarufi katika chuo chetu cha ualimu mpaka makoti yangu yote yana vumbi jeupe mifukoni. Wanafunzi wamenipa jina la Mwalimu Nukta, wakidhani sijui. Najua, na wala halinikeri, maana mtu asiyejua kuweka nukta hajui anataka kusema nini. Kwa hiyo mpwa wangu, anayefundisha kompyuta chumba cha pili, aliponijia na habari za ukurasa wa pamoja, nilimwambia aupeleke kwa vijana wenzake.

"Mjomba, ni kama ukurasa wa daftari, ila uko kwenye intaneti," alisema. "Darasa zima linaandika humo kwa wakati mmoja, kila mtu kwa simu yake, na wewe unawaona."

"Darasa zima kwa wakati mmoja? Hizo si kelele?"

"Ni kelele zisizo na sauti. Na si kwa ajili yako, Mjomba. Ni kwa ajili ya Mama Pacha."

Hapo nikamvutia kiti. Mama Pacha alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, binti mwenye akili nyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mapacha wake walikuja kabla ya siku zao, wadogo mno, na tangu hapo yeye na mama yake walihamia wodini. Wauguzi walitaka watoto wakae kifuani usiku na mchana, ngozi kwa ngozi, mmoja kwa mama na mmoja kwa bibi, mpaka wapate uzito. Wakati huohuo chuo kina kanuni: aliyekosa vipindi kupita kiasi anafutwa, anarudia mwaka. Mama Pacha akifutwa, na watoto wawili mkononi, ndiyo basi tena. Nimewaona wengi walioondoka wakisema watarudi. Bado nawasubiri.

"Haya, fungua huo ukurasa," nikasema.

"Nimeshafungua," akajibu. Ananijua huyu.

Kipindi cha kwanza niliita majina kama kawaida. Nilipofika kwake, kijana mmoja wa mbele, mwenye maneno mengi hata wenzake wakamwita Kasuku, akadakia, "Yuko, mwalimu! Ila hayupo." Darasa likacheka. Mpwa wangu akawasha projekta, na ukurasa ukatokea ukutani, mweupe, vijiti vya rangi rangi vikimwekamweka kila mahali, kila kijiti kikionyesha mahali mwanafunzi wake anapoandika. Nikawapa zoezi: andikeni sentensi zenye po, ko na mo. Ukuta ukajaa. Kasuku aliandika, "Mapenzi yamo moyoni, pesa hazimo mfukoni." Nikampa alama zake, nikamnyima tabasamu. Kisha chini kabisa, polepole, herufi moja moja, ikatokea sentensi:

"watoto wamo kifuani mmoja kwangu mmoja kwa bibi yao na mimi nipo darasani"

Hakuna herufi kubwa. Hakuna mkato. Hakuna nukta! Damu ikanichemka. Mpwa wangu alikuwa amenionyesha sehemu ya pembeni ya kuandika maoni, nami nikadhani maoni yale humfikia mhusika peke yake, kama vile kumwita mtu kando. Nikaandika: "Nukta iko wapi? Andika kama mwalimu mtarajiwa."

Darasa likaguna. Nikageuka, nikakuta maneno yangu yametanda ukutani, makubwa, kila mtu anayasoma.

Kasuku, safari hii bila mzaha, akasema, "Mwalimu, mkono mmoja umemshika mtoto. Anaandika kwa kidole gumba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajaribu kuyafuta, nikabonyeza kitu nisichokijua, na maneno yangu badala ya kufutika yakanenepa. Nikiwa bado nahangaika, jibu likaingia:

"samahani mwalimu nukta iko mbali na kidole"

Nilimpenda binti yule palepale, kama mwanangu wa kumzaa. Kwani mimi niko wapi na chaki yangu, na yeye yuko wapi? Nikamwandikia aandike atakavyo.

Tangu siku hiyo darasa likajitungia kazi ambayo sikuwatuma. Sentensi ya Mama Pacha ikitua tu, wenzake wanaikimbilia. Huyu anapandisha herufi kubwa, yule anatia mkato, mwingine anafunga kwa nukta. Walifanya haraka na kwa upole, kama watu wanaomfunika mwenzao shuka. Yeye alikuwa mwalimu wao pia: mtu akikosea kiambishi, kidole gumba kile kinamfikia kutoka wodini na kumsahihisha. Kuna siku alikosoa mfano wangu mimi mwenyewe, na alikuwa sahihi. Nilinuna mpaka chakula cha mchana, halafu nikacheka peke yangu ofisini.

Basi wema ule ndio uliotaka kumponza. Makamu wa mkuu wa chuo aliniita kuhusu mahudhurio. Si mtu mbaya, Makamu. Ni mtu ambaye ukimpa kanuni atalala nayo.

"Daftari linaonyesha hayupo tangu muhula uanze," akasema.

Nikamfungulia ukurasa ofisini kwake, nikamwonyesha kazi za binti, zoezi baada ya zoezi. Akasoma kwa makini, kisha akagonga kioo kwa kalamu.

"Mwalimu, hapa kila sentensi imeshikwa na mikono ya watu. Huyu kaandika, yule kasahihisha. Nitajuaje kipi ni chake? Nitajuaje kama wenzake hawamfanyii?"

"Wanamwekea nukta tu!"

"Leo nukta, kesho jibu zima. Nisamehe, lakini namfuta."

"Njoo darasani kwanza," nikasema, na sauti ilinitoka juu kuliko nilivyokusudia. "Umuulize mwenyewe. Akishindwa, mfute mbele yangu."

Akaja kweli, na daftari la mahudhurio kwapani. Darasa lilishapata habari, na mpwa wangu alishampigia simu Mama Pacha kumweleza yanayomkabili. Nikaamuru simu zote ziwekwe juu ya madawati, kifudifudi. Ukurasa ukabaki mtupu ukutani, na kijiti kimoja tu cha kijani, cha Mama Pacha, kikimwekamweka.

"Muulize kitu ambacho hakimo kitabuni," Makamu akasema.

Kichwa kilikuwa hakina kitu. Nikaliangalia lile daftari kwapani mwake, na swali likaja lenyewe. Nikaandika kwa vidole viwili: "Kuna tofauti gani kati ya 'hayupo' na 'hayumo'? Eleza kwa maneno yako."

Kijiti kikamwekamweka. Hakuna herufi. Pengine mtoto analia, nikajiambia. Pengine muuguzi kaingia. Makamu akatazama saa yake, akatazama dirisha. Nilikodolea ukuta macho, mzee mzima, kana kwamba mtahiniwa ni mimi. Halafu herufi zikaanza kuja.

"hayupo ni mtu ambaye kiti chake kiko wazi kinamngoja"

Zikasimama. Nikashika ukingo wa meza.

"hayumo ni mtu ambaye kiti chake kimeshaondolewa"

Mkono wa Kasuku ulikwenda kwenye simu yake wenyewe, kwa mazoea, kuweka nukta. Akaurudisha, akaukalia. Kisha ukutani ikaongezeka:

"naomba niandikwe hayupo nisiandikwe hayumo"

Makamu alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akaisoma sentensi ile kana kwamba imeandikwa kwa mwandiko wa mtu anayemfahamu. Akafungua daftari, akatafuta jina la binti.

"Hayupo," akasema huku akiandika. "Sababu: analea. Kazi zake za ukurasani zihesabiwe, na mtihani atafanya na wenzake." Akafunga daftari, akanigeukia. "Hivi hapa mtu anaandikaje?"

Nikampisha kwenye kiti changu. Alitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano sakafuni, na darasa zima likamngoja.

"Kiti chako kipo," aliandika. "Njoo watoto wakipata nguvu."

Chini ya maneno ya Makamu kijiti cha kijani kikaandika, upesi kuliko siku zote:

"nalia mwalimu usinisahihisje"

Niliwapa wanafunzi mgongo, nikachukua dasta, nikafuta ubao kwa nguvu kutoka upande hadi upande, ubao ambao siku nzima nilikuwa sijaandika kitu juu yake.