Spika za Marehemu Shaban

Mzee huyo hakuwa mtu wa Ruangwa. Fidelis alilijua hilo tangu alipomwona akishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda chake cha ufundi, amekumbatia gunia kama aliyebeba mgonjwa. Aliingia, akaketi kwenye benchi bila kungoja kukaribishwa, akaomba maji. Alipokwisha kunywa ndipo akajitambulisha: Masoudi, wa Chiola, upande wa Nachingwea. Alikuwa akimtafuta fundi msomi.

Neno hilo, msomi, lilimfurahisha Fidelis. Alikuwa na shahada ya elektroniki, na aliamini kwamba watu wa kusini wametapeliwa vya kutosha. Alitaka kibanda chake kiwe mahali pa kuambiwa ukweli.

Ndani ya gunia mlikuwa na spika mbili za mbao, za zamani lakini zimefutwa vumbi kwa mapenzi. Zilikuwa za marehemu Shaban, kaka yake Masoudi, ambaye kila Alhamisi jioni aliwapigia majirani kaswida. Alipofariki zikabaki kwa mwanawe na mke wa mwanawe, Sikudhani. Amplifaya ya zamani ilipokufa, Sikudhani aliuza ufuta wake akanunua nyingine, ndogo. Haikuchukua muda, spika zikapoteza sauti nyembamba. Kaswida sasa zilisikika kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Ukoo mzima ukamgeukia Sikudhani kwamba ameua kumbukumbu ya marehemu. Bi Mwamina, dada wa marehemu, alimtolea maneno yasiyomezeka, naye akarudi kwao Mtua. Ijumaa baada ya swala wajomba wa pande zote mbili wangekaa kuamua kama atarudi kwa mumewe au abaki hukohuko.

“Mkwe anadai fundi alimruhusu kuifungulia hadi mwisho,” alisema mzee. “Mimi nampenda yule binti, kwa hiyo neno langu halina uzito. Sema wewe, mwanangu. Nani kaziua?”

Fidelis alichukua bisibisi. Hakuhitaji kwenda mbali. Twita, vile vispika vidogo vya juu vinavyotoa sauti nyembamba, zilikuwa zimeungua zote mbili. Wala hakuhitaji kuuliza ni fundi gani. Alimkumbuka Sikudhani akiwa amesimama palepale kando ya benchi, akihofu kwamba amplifaya ya wati thelathini haitazifaa spika za wati mia. Fidelis alimwonea huruma, hakutaka aongeze pesa asiyokuwa nayo. Akamwambia huku akicheka, “Fungulia tu, dada. Mtoto hawezi kumwangusha baba yake.”

Chuoni alifundishwa kinyume. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, sauti huchanika, na sauti iliyochanika ndiyo inayounguza twita. Swali hilo alilijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini siku ile huruma ilitangulia, maarifa yakabaki nyuma, naye akadhani ametenda wema.

“Ni uzee, baba,” alisema. “Vitu vya zamani huchoka.”

Uso ulimwaka kabla hajamaliza kusema. Mzee alishukuru, jambo ambalo lilizidisha uchungu, kisha akamwomba aje Ijumaa ayaseme hayo mwenyewe mbele ya wajomba. Fidelis, akiangalia sakafu, akaahidi kwamba atakuja nazo spika, naye atazifunga ziimbe mbele yao.

Alizunguka Ruangwa yote, akapiga simu Nachingwea, hakupata twita zinazolingana. Mwishowe akafungua spika zake mwenyewe, zile zilizokuwa zikiwaita wateja kibandani, akatoa twita zake. Bado ameshika bisibisi, Mwalimu Prisila wa shule ya mjini akapiga simu. Kamati ya shule ingekaa Ijumaa mchana kumpa kazi ya vipaza sauti vya ukumbi, kazi aliyoiombea tangu afungue kibanda. Fidelis aliomba iwe Jumamosi. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba kuna fundi mwingine, na kamati haina subira.

Ijumaa alikuwa Chiola. Sikudhani alikaa kwenye ncha ya mkeka, nyuma ya wajomba zake, macho chini. Fidelis alipomwona alielewa kwamba uongo wake usingemwokoa. Wangesema tu kwamba amekitesa kitu kikuukuu. Akasimama.

“Mimi ndiye niliyemwambia afungulie hadi mwisho,” alisema. “Alifanya nilivyomfundisha. Kosa ni langu. Na Mzee Masoudi nilimdanganya niliposema ni uzee.”

“Kumbe shahada nayo inaunguza,” alisema Bi Mwamina, na watu wakacheka. Mzee Masoudi hakucheka. Alimtazama Fidelis, kisha akageuza uso, na hilo lilimchoma kuliko kicheko.

Fidelis akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kufunga twita ya spika ya kwanza. Aliunganisha amplifaya kubwa zaidi aliyoitoa kibandani kwake, akaeleza bila kuinua kichwa kwamba spika hutaka amplifaya yenye nguvu ya akiba, ifunguliwe kwa adabu. Kaswida ilipoanza, kila neno likatoka wazi, na Bi Mwamina akajifunika uso kwa kanga yake. Mjomba mkubwa akamwambia Sikudhani apeleke mzigo wake ndani kwa mumewe.

Hakuna aliyemshukuru fundi. Simu ilitetema mfukoni: Mwalimu Prisila alimjulisha kwamba kazi imekwenda kwa mwingine. Fidelis akaisoma, akairudisha mfukoni, akahamia spika ya pili.