Ukurasa wa Normande

Kila mwaka, mbu wakishapungua na watalii wa mashua za kelele wakisharudi kwao, sisi wanawake wa kikundi cha vitabu hufunga safari kwenda ziwani kwa Armel Ouellette, mwenye nyumba ya wageni. Hatuendi kuvua wala kuogelea. Tunaenda kusoma. Armel hukusanya simu zetu katika debe la biskuti, hutupangia viti barazani, na kuanzia kifungua kinywa hadi saa kumi ni marufuku kufungua mdomo. Ukitaka chumvi, unaonyesha kwa kidole. Mume wangu husema hajawahi kuona katika jimbo zima la Maine pesa iliyotumika vizuri kama hiyo ya kuninyamazisha mimi.

Siku ya mwisho ndiyo yenye desturi yetu. Kabla ya chakula cha jioni kila mmoja hukaa kwenye kiti cha kuyumba karibu na meko, akawasomea wenzake kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu alichokuwa nacho. Hakuna anayerukwa. Na mwaka huu dada yangu Normande aliapa kwamba asipousoma ukurasa wake mwenyewe, haji tena ziwani, na vitabu vyake vyote, vilivyojaa nyumba mpaka kwenye ngazi, atavigawa. Normande akisema kitu, amesema.

Kisa ni kiharusi kilichompiga wakati wa theluji. Mikono ilisalimika, miguu ilisalimika, na ulimi, Mungu apewe sifa zake, ulibaki mkali vilevile. Kilichokwenda ni kusoma. Ajabu ni kwamba kuandika anaandika. Ataandika jina lake vizuri kabisa, kisha akiliangalia anaona michirizi tu. Hospitalini walimfundisha njia ya kuzunguka: aichore kila herufi kwa kidole juu ya paja, ili mkono ukumbuke kile ambacho macho yamesahau. Mtu aliyekuwa akimaliza riwaya kati ya chakula cha mchana na cha jioni, sasa sentensi moja inamtoa jasho. Na huyu ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, kwenye meza ya jikoni kwa mama, akinifinya nikisinzia. Niliumia kumtazama.

Watu walikuwa wema kwake, na wema wao ulinichefua. Claudette Pelletier, kiongozi wetu wa kwaya, ndiye aliyewashinda wote. Siku tuliyofika alimletea vidude vya kusikilizia hadithi.

"Vaa hivi masikioni, mwenzangu," alimwambia. "Kusoma na kusikiliza si mamoja tu? Hadithi ni ileile."

"Na kula na kuhadithiwa chakula nako ni mamoja?" Normande akamjibu. "Basi leo mimi nile samaki wako, wewe nikuhadithie."

Akaenda zake mwisho wa baraza, akafungua kitabu. Siku zote zile nilijifanya nasoma, kumbe namtazama yeye. Kidole chake kilicheza pajani tangu asubuhi, na kurasa zilifunguka kwa nadra. Mara moja alikifunga kitabu kwa kishindo, akashuka mpaka majini, akasimama huko akiwa amenipa mgongo. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Akarudi, akakaa, akaanza upya.

Asubuhi ya mwisho nilimfuata chumbani na hila yangu.

"Dada, sikiliza. Tuchague ukurasa mfupi, nikusomee mpaka ukae kichwani. Jioni unafungua kitabu, unatazama chini, unausema. Nani atajua?"

"Na kesho nikiwa nyumbani peke yangu na kitabu, nitamdanganya nani?"

"Nataka tu wasikuonee huruma!"

"Sasa hivi anayenionea huruma ni wewe, Gilberte. Hebu toka, nivae."

Nilitoka na mkia katikati ya miguu.

Jioni ikafika. Wenzetu walisoma, tukacheka, tukapiga makofi. Harufu ya supu ya kuku ilikuwa imeshajaa nyumba, na Armel alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake, akisubiri tumalize. Zamu ya Normande ilipofika, aliketi akavuta pumzi. Hapo Claudette akamwinamia jirani yake na kumnong'oneza, kwa ule mnong'ono wa watu wa kwaya unaosikika hadi barabarani:

"Atakuwa ameukariri, maskini. Tumpigie makofi hivyohivyo."

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kumpasha, lakini Normande alinionyesha kwa kidole nikae. Kisha akakifunga kitabu chake, akakiweka chini.

"Claudette, lete chako."

"Changu?"

"Chako. Ufungue mwenyewe, popote utakapo. Sijawahi kukigusa."

Claudette alikikumbatia kitabu. Alikuwa amekivisha jalada la sufu alilolifuma mwenyewe, na sisi sote tuliamini ni maisha ya watakatifu. Akafungua, akatazama, akafunga haraka. Akafungua tena.

"Hapa si pazuri," akasema.

"Hapohapo!" Armel akafoka kutoka mlangoni. "Supu inapoa!"

Normande akakipokea. Kidole kikaanza kutembea pajani.

"A... li... Alim... vu... Alimvuta." Akameza mate. "Alimvuta karibu."

Neno moja, kimya, neno jingine, kimya. Nje mvua ilinyesha, mshumaa ulizimika, na mwanamke yule wa kitabuni, jamani, akafungua kifungo cha kwanza cha shati. Uso wa Claudette ukawa mwekundu kama nyanya.

"...shati la... m... mch..."

Alikwama. Akaichora herufi, akaichora tena. Jasho lilimtiririka shingoni. Kila mtu alikuwa ameinama mbele, na midomo yetu yote ilikuwa inataka kumsaidia. Mimi nilifungua wangu, akanyanyua mkono bila kunitazama. Nikaufunga.

"Mchu... mchunga... Mchungaji!"

"Kumbe ni mchungaji!" mtu akapiga ukelele, na nyumba nzima ikaangua kicheko, Claudette akajifunika uso kwa kitambaa cha meza. Nilicheka huku machozi yananitoka, wala sikuyafuta. Dada yangu alikuwa anasoma! Neno lile hakuna aliyempa, wala hakuwa amelikariri. Alilichimba mwenyewe, herufi kwa herufi, kutoka kwenye michirizi.

Hakungoja tutulie. Aliendelea mstari baada ya mstari, sauti ikizidi kukomaa, mpaka chini kabisa kwenye nukta. Tulisimama wote. Tulipiga makofi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, na Armel akagonga sufuria kwa upawa kama mwehu.

Claudette alitoa uso kwenye kitambaa, akanyoosha mkono.

"Hongera, Normande. Kwa kweli hongera, na unisamehe. Sasa nipe kitabu changu. Desturi ni ukurasa mmoja."

Normande alikivuta kitabu kifuani, mbali na mkono ule. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kabla ya kiharusi.

"Armel," akasema, "hebu ifunike supu."

Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa pili.